Gari la Zamani Lisilo na Karatasi: Njia ya Kuliandikisha kwa Mkazi wa Kasongo na Kabambare

Chombo cha moto kisicho na karatasi ni chombo ambacho anayekitumia hawezi kuonyesha hati ya serikali inayounganisha jina lake na namba iliyochongwa kwenye chuma chake. Katika teritwari za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, vyombo vya namna hiyo si vigeni: zipo Land Rover na lori zilizosalia kutoka enzi za misheni na migodi, zipo Toyota zilizouzwa na mashirika yaliyofunga kazi zake, na zaidi ya yote zipo pikipiki zilizopita mikononi mwa wanunuzi watatu au wanne bila yeyote kati yao kuandikiana na mwenzake. Mwenye chombo hicho anapoamua kukiandikisha, swali lake la kwanza huwa ni wapi atapata karte roze, yaani cheti cha uandikishaji chenye rangi ya waridi kinachotaja jina la mwenye chombo, aina yake na namba zake. Swali hilo huulizwa mapema mno, kwa sababu karte roze ni hitimisho la kazi nzima.

Kabla ya cheti hicho yapo maswali matatu, na kila moja lina ofisi yake: chombo ni mali ya nani, kiliingia nchini kwa njia gani na je, ushuru wake ulilipwa, na je, kinafaa kutembea barabarani. Watu wengi hupoteza fedha kwa kudhani kwamba karatasi inayojibu swali moja hujibu na mengine, kama vile mtu anayeandikiwa na polisi cheti cha kupotelewa na hati kisha akaamini kwamba ameshamaliza habari ya umiliki, ya duwane (yaani forodha) na ya namba za usajili kwa pamoja. Makala haya yanapendekeza mpango mwingine: kuutafuta kwanza mwanzo wa chombo, kisha kulijibu kila swali kwa hati inayolihusu, na mwisho kuzipeleka hati zote zikiwa faili moja kwenye ofisi inayotoa namba.

Namna karatasi zilivyopotea

Sababu ya kukosekana kwa karatasi ndiyo inayoonyesha mahali pa kuzitafuta, na kwa hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya safari yoyote. Maniema ilifanywa kuwa mkoa unaojitegemea tarehe 20 Julai 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa sehemu tatu. Kabla ya siku hiyo makao makuu ya mkoa yalikuwa Bukavu. Gari lililoandikishwa katika miaka ya 1970 au mwanzoni mwa miaka ya 1980 huenda basi likawa na kumbukumbu yake Bukavu, na mtu anayeitafuta Kindu peke yake anaweza kuambiwa kwamba gari halijulikani ilhali limeandikwa katika daftari la mji mwingine.

Vita vya 1996 hadi 1997, na vile vilivyofuata kuanzia 1998 hadi 2003, viliongeza ugumu wa namna mbili. Ofisi ziliporwa na madaftari yakachomwa au kutawanyika, na pia magari yenyewe yalichukuliwa kwa nguvu kutoka hospitali, misheni, makampuni na kwa watu binafsi, kisha yakauzwa mbali na mahali yalipotoka. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni kubwa, ingawa kwa macho zinafanana: katika hali ya kwanza mwenye mali ni yule yule ila hati yake imeungua, na katika ya pili hati inaweza kuwa salama mikononi mwa mtu ambaye hakuuza kitu.

Chanzo kingine ni makampuni na taasisi. SOMINKI, kampuni ya madini iliyoanzishwa 1976 na kufanya kazi Kivu na Maniema, ikiwemo Namoya katika teritwari ya Kabambare, ilifikia mwisho wake 1997, na mali zake zikaingia katika mipango mipya iliyozaa kampuni ya SAKIMA. Gari lililotoka katika kampuni ya aina hiyo linahitaji barua au hati ya mnada inayoonyesha kwamba liliuzwa kwa haki, kwani dereva aliyebaki nalo baada ya kazi kusimama hakuwa mmiliki kwa sababu tu alikuwa na ufunguo. Vivyo hivyo gari la parokia au la zahanati ya misheni lina historia yake katika ofisi ya mali ya dayosisi, na Dayosisi ya Kasongo, iliyopo tangu 1959, ni mahali pa kuuliza kabla ya kumwuliza mtu mwingine yeyote.

Mwisho kuna vyombo vilivyovuka mpaka, hasa kwa njia ya Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma kwenda Kalemie, Baraka au Uvira, kisha kwa barabara ya Fizi na Lulimba hadi Kabambare. Baadhi yavyo viliingia na hati za Tanzania au Burundi ambazo mnunuzi wa kwanza alizihifadhi na wa pili akazipoteza, na vingine viliingia bila kupita mbele ya meza ya duwane hata mara moja.

Kusoma chuma kabla ya kusoma karatasi

Kazi ya kwanza isiyohitaji ruhusa ya mtu ni kusoma namba ya shasi, yaani namba iliyochongwa na kiwanda kwenye fremu ya chombo ili kukitofautisha na vingine vyote vya aina yake. Katika pikipiki namba hiyo kwa kawaida huchongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na katika magari mengi yenye fremu ya chuma huwa kwenye ubavu wa fremu karibu na gurudumu la mbele, ikirudiwa wakati mwingine kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti. Namba ya injini huchongwa kwenye mwili wa injini yenyewe na ni namba tofauti.

Namba za kisasa za shasi zina herufi na tarakimu 17 kwa jumla, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ISO 3779 iliyotolewa mara ya kwanza 1977, na ndani yake herufi I, O na Q hazitumiki ili zisichanganywe na tarakimu 1 na 0. Mwanzo wa namba huonyesha asili ya chombo: J ni Japani, L ni China, W ni Ujerumani, VF ni Ufaransa, na MD ni India, ambako pikipiki za TVS na Bajaj hutengenezwa. Magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la huko kwenyewe hayafuati mpangilio huo, kwani yana namba fupi zaidi, yenye alama ya aina ya gari, kistari, na namba ya mfululizo. Magari ya kabla ya miaka ya 1980 nayo yana namba fupi za kila kiwanda. Kwa hiyo namba fupi kwenye Land Cruiser ya zamani haithibitishi udanganyifu, ilhali namba ya tarakimu 17 yenye herufi O ndani yake inatakiwa kutiliwa shaka mara moja, ama kwa sababu imesomwa vibaya au kwa sababu imechongwa na mtu asiyejua kanuni.

Namba isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe si kwa tupa wala kwa mashine ya kusagia chuma, kwa kuwa alama za kukwaruzwa kuzunguka namba humfanya mkaguzi aamini kwamba imebadilishwa hata kama ni halali. Baada ya kusafishwa, karatasi nyembamba iwekwe juu ya namba na kusuguliwa kwa penseli ya risasi hadi umbo la kila herufi litokee, kisha picha zipigwe: ya namba kwa karibu, ya mahali ilipo kwenye fremu, na ya chombo kizima kwa pande zote. Nakala hizo hutumiwa katika kila ofisi itakayofuata, na zina faida ya pekee kwamba zinaweza kusafiri hadi Kindu au Bukavu wakati chombo kimebaki nyumbani.

Ikiwa namba ya shasi imefutwa, imechongwa upya juu ya nyingine, au fremu imekatwa na kuchomelewa mahali palipokuwa na namba, kazi isimame hapo. Injini iliyobadilishwa ni jambo la kawaida na linaelezeka kwa hati ya ununuzi wa injini nyingine au kwa maelezo ya fundi yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, lakini fremu isiyo na namba haina kitu ambacho karte roze inaweza kuambatanishwa nacho.

Swali la kwanza: chombo ni mali ya nani

Sheria ya Kongo, kama sheria nyingine zenye asili ya Ubelgiji na Ufaransa, inakubali kwamba anayeshika kitu kinachohamishika kwa nia njema huchukuliwa kuwa mwenyewe, lakini inamwachia aliyeibiwa au kupotelewa muda wa miaka mitatu wa kukidai. Kanuni hii humpa nguvu mnunuzi mwaminifu aliyekaa na chombo muda mrefu mbele ya macho ya watu, ila haimtoshi yule aliyejua au aliyepaswa kujua kwamba bei ilikuwa ndogo kupita kiasi na muuzaji hakuwa na maelezo. Kifungu cha 101 cha Kanuni ya Adhabu, inayotokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, kinamhukumu anayeficha au kupokea vitu vilivyopatikana kwa uhalifu, na hapo ndipo mnunuzi asiyeuliza anapoweza kujikuta mshtakiwa.

Dawa ya hali hii ni kuujenga upya mnyororo wa mauzo, kuanzia mnunuzi wa sasa kurudi nyuma kwa kila muuzaji. Chukuliwe mfano wa pikipiki ya cc 125 iliyonunuliwa sokoni Kasongo kutoka kwa fundi, ambaye aliipata kwa mchuuzi wa dhahabu wa Salamabila, ambaye naye aliinunua dukani Bukavu. Mwenye pikipiki amwendee fundi kwanza na kuandikiana naye mkataba unaosema tarehe halisi ya mauzo yaliyokwisha kufanyika, bei iliyolipwa, namba za shasi na injini, majina na anwani za pande zote, na namba za kadi za mpiga kura au za vitambulisho vingine, mbele ya mashahidi wawili wenye kujua kusoma wanachotia sahihi. Kisha fundi atafute maandishi ya namna hiyo kutoka kwa mchuuzi, na mchuuzi aulizwe jina la duka, kwa kuwa duka lenye kitabu cha risiti linaweza kutoa nakala ya ankara, na ankara hiyo mara nyingi ndiyo inayofungua mlango wa duwane. Kuweka tarehe ya uongo ili mkataba uonekane wa zamani ni kosa linaloharibu faili nzima. Mkataba ulioandikwa leo kuhusu mauzo ya miaka iliyopita unakubalika ukisema hivyo wazi.

Pale ambapo muuzaji amefariki, haki yake imehamia kwa warithi, na Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inampa mrithi mkubwa kwa umri, au yule aliyeteuliwa na wenzake, kazi ya kuwa likidateri, yaani msimamizi anayekusanya na kugawa mali ya marehemu. Sahihi ya mtoto mmoja aliyepatikana nyumbani haitoshi. Inahitajika kumbukumbu ya kikao cha familia inayomtaja likidateri na kuorodhesha warithi, na palipo na mgogoro, uamuzi wa tribunali. Kwa gari la kanisa, la hospitali au la shirika, barua itolewe na mtu mwenye mamlaka ya kuuza mali ya taasisi hiyo, ikiwa na muhuri na namba ya kumbukumbu. Na kwa gari la serikali lazima ziwepo hati mbili, moja ya kuliondoa gari katika mali ya umma na nyingine ya kuliuza, ambazo zikikosekana hakuna mtumishi, awe na cheo gani, anayeweza kulihamisha kwa sahihi yake mwenyewe.

Mnyororo ukikatika kabisa kwa sababu muuzaji hajulikani alipo, ndipo hutumika ushahidi wa pembeni: maelezo ya chefu wa mtaa na wa kijiji kwamba chombo kimekuwa mikononi mwa mtu huyo tangu wakati fulani, barua ya chama cha waendesha pikipiki, risiti za gereji, picha za zamani zenye tarehe, na risiti za kodi au vizuizi zilizotaja namba ya chombo. Haya yote hupelekwa polisi ili taarifa iandikwe na, kwa magari yenye asili ya shaka, iulizwe kupitia ofisi ya taifa ya Interpol iliyoko Kinshasa kama namba hiyo imo katika orodha ya kimataifa ya magari yaliyoibiwa. Cheti cha upotevu wa hati kina mahali pake hapa, na ni vema kipimo chake kieleweke: kinathibitisha kwamba mtu fulani ametangaza siku fulani kuwa hati zimepotea, wala hakithibitishi kwamba hati hizo ziliwahi kuwepo wala kwamba zilikuwa na jina lake. Mtu ambaye hakuwahi kuwa na karte roze asitangaze kwamba imempotea, kwani tangazo hilo ni la uongo na litamrudia siku daftari litakapofunguliwa.

Mikataba na maelezo yakishakamilika, yapelekwe kwa notere, yaani afisa wa serikali anayethibitisha sahihi na kuzipa hati nguvu mbele ya ofisi nyingine.

Swali la pili: duwane

DGDA, yaani Idara Kuu ya Duwane na Ushuru, hufanya kazi chini ya Kanuni ya Duwane iliyowekwa kwa amri-sheria namba 10/002 ya tarehe 20 Agosti 2010. Hati inayotafutwa kwake ni tamko la kuingiza bidhaa kwa matumizi ya ndani ya nchi pamoja na risiti ya malipo. Kwa vyombo vilivyoingia katika miaka ya karibuni, tamko huwekwa katika Sydonia World, programu ya kompyuta iliyotengenezwa na UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, na mwenye jina la mwingizaji, mwaka na kituo cha kuingilia anaweza kuomba litafutwe. Kwa vyombo vilivyoingia wakati kila kitu kiliandikwa kwa mkono, utafutaji hutegemea madaftari ya kituo chenyewe, na ndiyo maana jina la mji wa kuingilia, Kalemie, Uvira au Bukavu, lina thamani kubwa kuliko linavyodhaniwa na wanaolisahau.

Yapo makundi mawili yanayohitaji uangalifu zaidi. La kwanza ni vyombo vilivyosamehewa ushuru, kama pikipiki za Yamaha AG 100 na Land Cruiser zilizoletwa na mashirika ya misaada, makanisa na miradi ya afya. Msamaha ulitolewa kwa shirika na kwa kazi yake, haukutolewa kwa chuma. Shirika linapouza chombo kwa mtu binafsi, idhini ya duwane hutakiwa na ushuru uliosamehewa hudaiwa kulingana na hali ya chombo wakati huo. Mnunuzi mwenye busara huuliza kabla ya kulipa nani atabeba deni hilo, na huliandika jibu ndani ya mkataba.

Kundi la pili ni vyombo ambavyo havikulipiwa chochote. Kwa vyombo hivyo husimama mbele ya mwenye chombo ushuru wa forodha juu ya thamani itakayokadiriwa, kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ya asilimia 16 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2012, gharama za OCC, yaani Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi iliyoundwa 1974, na faini ya kuchelewa. Kwa magari ya umri mkubwa kuna pia kizuizi cha umri, kwani dekreti ya Waziri Mkuu ya Oktoba 2012 iliweka kikomo cha miaka 10 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa; hivyo tarehe ya kuingia ina uzito kuliko tarehe ya kutengenezwa, na mtu mwenye uthibitisho kwamba gari lilikuwa Kasongo kabla ya kikomo hicho ana hoja ambayo asiyekuwa nao hana. Magari yenye usukani wa kulia, yaliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto kama Tanzania na Zambia, yaulizwe mapema, kwa sababu Kongo huendesha upande wa kulia na serikali imewahi kuyazuia.

Kwa chombo chenye namba za nchi jirani, hati inayotakiwa kutoka huko ni ya kufuta usajili. Nchini Tanzania daftari la magari linashikwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na nchini Burundi na Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo, OBR. Bila ya kufutwa, gari linabaki hai katika daftari la nchi ya kwanza, na linaweza kuonekana limeibiwa siku mwenye jina atakapolidai.

Ni bora mwenye chombo aende duwane mwenyewe na barua ya kuomba kurekebisha hali ya chombo chake, yenye nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kuliko kusubiri akamatwe kwenye kizuizi. Anayekwenda kwa hiari huanza na maelezo, na aliyekamatwa huanza na mashtaka.

Swali la tatu: barabara, namba na karte roze

Baada ya umiliki na duwane kuwa wazi, hubaki ukaguzi wa kiufundi, yaani uchunguzi wa breki, taa, usukani, matairi na honi, unaotokana na Kanuni ya Barabara iliyowekwa kwa sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Gari la zamani lisipelekwe kwenye ukaguzi kabla ya kutengenezwa, kwa sababu matokeo mabaya yaliyoandikwa huingia ndani ya faili na kuipa ofisi sababu ya kusitasita. Pikipiki nayo iwe na taa za mbele na nyuma, vioo na breki zote mbili, hata kama barabara ya kijijini haikuwahi kuvidai.

Namba za usajili na karte roze hutolewa na DGI, Idara Kuu ya Kodi, ambayo kwa Maniema ina makao yake ya jimbo mjini Kindu, kiasi cha kilomita 240 kwa barabara kutoka Kasongo. Chombo kisicho na namba kisiendeshwe umbali huo kwa kutegemea huruma ya vizuizi. Kwanza itumwe faili na nakala za namba zilizosuguliwa kwa penseli, iulizwe kwa maandishi kama chombo chenyewe kinahitajika, na kikihitajika kipakiwe juu ya lori, au iombwe ruhusa ya maandishi kutoka polisi ya usafiri barabarani, PCR, inayotaja siku na njia. Safari yenyewe ipangwe ndani ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, barabara inapokuwa kavu zaidi, kwani chombo kilichokwama matopeni siku nyingi hula fedha zilizokusudiwa kulipia karte roze.

Malipo yote hufuata mpango mmoja: ofisi hutoa hati ya madai inayotaja kiasi na sababu, mlipaji hulipa katika benki au kwa mpokezi aliyetajwa ndani ya hati hiyo, na risiti hurudishwa ofisini ili hatua inayofuata ianze. Kiasi kinachotajwa kwa mdomo bila hati kisilipwe. Jina lililo kwenye risiti liwe lile lile, herufi kwa herufi, lililo kwenye mkataba na kwenye kitambulisho, kwa sababu tofauti ya herufi moja kati ya Lukali na Lukari imeshatosha katika ofisi nyingi kuirudisha faili mwanzo.

Karte roze ikitoka, zinabaki karatasi za kila mwaka. Kodi ya magari, iliyoanzishwa kwa amri-sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969, hulipwa kwa ofisi za mapato za jimbo pamoja na vinyete, yaani stika ya ushuru wa barabara. Asiransi, yaani bima, ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973. Kwa muda mrefu iliuzwa na SONAS, shirika la asiransi la serikali, peke yake, hadi Kanuni ya Asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua soko kwa makampuni mengine chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya kudhibiti asiransi. Asiransi ina maana zaidi ya kuonyeshwa polisi: chombo kinachobeba abiria bila asiransi huweza kumwacha mwenyewe akilipa matibabu ya mtu aliyegongwa kwa kuuza chombo hicho hicho alichohangaika kukiandikisha.

Wakala na njia za mkato

Umbali kati ya Kasongo na Kindu umezaa kazi ya wakala, yaani mtu anayepokea fedha na hati ili amfuatilie mwenye chombo mambo ofisini. Kazi hiyo si haramu, na kwa mkulima wa Kabambare asiyeweza kuacha shamba wiki tatu inaweza kuwa ya lazima, mradi wakala apewe barua ya uwakilishi yenye mipaka, apewe nakala na si hati za asili, na alipwe kwa hatua, kila malipo yakifuata risiti.

Hatari inaanza pale wakala anapoleta karte roze haraka bila kuomba hata namba ya shasi. Hati za namna hiyo kwa kawaida ni za aina mbili: zile za kubuni kabisa, na zile za kweli zilizotolewa kwa chombo kingine kilichooza au kuungua, ambacho namba zake sasa zinavishwa chombo kisicho na hati. Aina ya pili huwadanganya hata watu makini, kwa kuwa karatasi yenyewe ni halali na daftari linaikubali. Hila hiyo hugunduliwa siku namba ya karatasi inapolinganishwa na namba ya chuma, na siku hiyo aliye mbele ya afisa ni mwenye chombo, wakala akiwa hayupo. Kwa sababu hiyo mwenye chombo asome mwenyewe namba ya shasi kwenye karte roze na kuilinganisha na ile aliyoisugua kwa penseli, kabla ya kulipa fungu la mwisho.

Gharama na uamuzi wa kuacha

Kuandikisha chombo cha zamani ni uamuzi wa kiuchumi pia. Kabla ya kuanza, gharama zipangwe katika safu mbili. Safu ya kwanza ni zile zisizorudi hata kazi ikishindikana, kama safari, notere, wakala na matengenezo ya ukaguzi. Ya pili ni zile zinazolipwa tu mlango unapofunguka, kama ushuru, namba na asiransi. Kazi ianze na hatua za bei nafuu zenye uwezo wa kuonyesha mapema kwamba njia imeziba: kusoma shasi hakugharimu chochote, kuwatafuta wauzaji kunagharimu nauli, na kuuliza duwane kwa barua kunagharimu karatasi. Mtu anayeanza kwa kulipia matengenezo ya injini na kumalizia kwa kusoma shasi amepanga kazi kinyume.

Pale ambapo jumla inapita thamani ya chombo, au mnyororo wa umiliki umekatika lakini hakuna dalili ya wizi, kuacha si hasara kamili. Injini ya gari chakavu huweza kuendesha mashine ya kukoboa mpunga au ya kusaga mihogo, kazi ambazo hazihitaji karte roze. Vipuri huweza kuuzwa mafundini kwa mkataba mfupi unaotaja namba ya shasi ya chombo vilikotoka. Pikipiki ambayo kuiandikisha kungegharimu zaidi ya kununua nyingine yenye ankara iachwe ibaki shambani. Hata hivyo njia hizi haziwi maficho ya mali iliyoibiwa: chombo ambacho mwenyewe anajulikana hurudishwa kwake kupitia polisi, na anayekirudisha aombe hati inayoonyesha kwamba amekitoa kwa hiari.

Kwa wale ambao kazi imefanikiwa, methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari inadai jambo moja la mwisho. Faili iliyojengwa kwa tabu, yenye mikataba, risiti, picha, nakala za penseli na karte roze, itengenezewe seti mbili, moja ikae nyumbani ndani ya mfuko usioingia maji na nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na picha zake ziwekwe kwenye simu. Siku chombo kitakapouzwa, karte roze ibadilishwe jina kabla ya fedha zote kupokelewa, na mnunuzi akabidhiwe nakala ya faili nzima pamoja na ufunguo, kwa kuwa mwenye jina kwenye karte roze ndiye atakayeitwa kwanza ajali inapotokea, hata kama aliuza chombo hicho miaka mingi nyuma.